Mama, Ile Haikuwa Habari

Mama,

Kabla muntu yeyote hajaendelea kusoma, naomba Papa Kasongo aitwe. Kama hayuko kwake, mungoje mupaka arudi. Najua hamuongei naye tangu ile karatasi isomwe, na sababu naijua, nitaifikia. Lakini barua zote za nyumba yetu amezisoma yeye, hata zile za marehemu Baba, na hii haitasomwa na muntu mwingine. Akifika, mumupe kiti chenye mugongo.

Papa Kasongo, kama umekaa, asante. Soma kwanza mistari hii inayofuata, kwa sauti yako ya zamani, ile uliyokuwa ukitangazia treni pale gare. Ramazani hajaonekana Moba. Mimi sijui kaka yangu yuko wapi. Yale yote mulisikia kwenye ile karatasi, mimi njo niliyatunga. Ni hadithi ya filamu, na iliwafikia vibaya.

Sasa salamu. Assalamu aleikum, Mama. Huku wana salamu ya kumuamkia mukubwa, wanasema shikamoo. Nilipofika sikuwa naijua, wakaniona binti asiye na adabu, mama mwenye nyumba alikaa siku tatu bila kunijibu. Basi leo nakupa shikamoo zote nilizowanyima watu, uzipokee kwa pamoja. Goti linasemaje? Mashine ya kushona imeacha kukata uzi? Mimi niko muzima. Nimekonda kidogo lakini siyo ugonjwa. Bukari ya huku, wao wanaiita ugali, ni ya mahindi matupu, haina muhogo hata kidogo, unashiba na kabla ya kunawa mikono tumbo limeanza kuuliza tena. Na Kiswahili changu kimeanza kufuata cha huku, musinicheke. Wao wananicheka kila nikisema njo mahali pa ndiyo, au Yaya kwa dada na kaka wakubwa, ninyi mutanicheka nikiacha kusema.

Najua hausikilizi salamu, Mama. Najua umebaki pale kwenye mistari ya kwanza. Ningeweza kuanza na maneno matamu nikakuzungusha mupaka ukurasa wa tatu, lakini kuzungusha njo kulikotuletea haya. Umenyang'anywa Ramazani mara ya pili, na safari hii siyo vita, ni mimi mutoto wako. Nilikaa siku nne na karatasi hii tupu mbele yangu. Naomba unisikilize mupaka mwisho, kisha unikasirikie.

Unakumbuka nilikuambia nasomea mambo ya picha, wewe ukadhani picha za pasipoti. Ni sinema, Mama. Mwaka huu kila mwanafunzi anatengeneza filamu yake fupi, ya dakika kumi na tano. Mimi nilichagua filamu ya kusisimua. Ni ile ambayo anayetazama anashika mukono wa jirani bila kujua, anataka jibu, ni nani, ni nani, na wewe mutengenezaji unamunyima jibu mupaka dakika ya mwisho. Kamera za chuo ni mbili na sisi ni wengi, kwa hiyo kabla ya kupewa kamera unajaza fomu. Fomu ina maswali mengi, lakini kuna moja linaloangusha watu. Linauliza, filamu hii ni ya nani? Halitaki kujua mwenye mali. Linataka kujua nani atakayekaa kuitazama, ana umri gani, anafanya kazi gani, anacheka kwa nini, anaogopa nini.

Mimi niliandika, ni ya watu wote. Nikaona nimejibu vizuri, tena kwa moyo mukubwa. Mwalimu wetu, muntu mupole mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi, akanirudishia fomu na wino mwekundu: "Wote ni akina nani? Nitajie mmoja." Nikaandika upya, ni ya vijana wa muji. Ikarudi: "Wa mji gani? Saa tisa mchana wako wapi?" Basi nikatoka na daftari kwenda kuuliza vijana sokoni Kariakoo. Nikimuuliza kijana, wewe unaogopa nini, ananijibu, namuogopa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Mwingine alisema anaogopa Kiswahili changu. Nilirudi na daftari lenye vichekesho kumi na jua kichwani.

Njo nikakaa kwenye kitanda nikajiuliza, ni watu gani ninaowajua wanaogopa nini? Sikuhitaji kufikiri. Ni ninyi. Nawajua wote kwenye avenue yetu, najua nani anakaza mulango kwa jiwe na nani anatoka kuchungulia. Na nitakuambia ukweli, nilitaka filamu yangu iwe ya ninyi. Nilikuwa nawaona kabisa. Televisheni ya kuazima iko juu ya mashine yako ya kushona, wewe umejifunika kitenge mupaka mudomoni, Yaya Aziza anakuambia usiogope na yeye mwenyewe ametazama pembeni. Papa Kasongo amesimama, kwa sababu hawezi kutazama kitu akiwa ameketi. Nina hamu na ninyi, Mama. Wakati mwingine natembea njiani huku, nasikia muntu anaongea kama sisi, namufuata barabara mbili tatu nipate tu kusikiliza, kisha narudi nilikotoka.

Nilimuambia Mwalimu kwamba watazamaji wangu nimewapata lakini wako ng'ambo ya ziwa. Alifurahi. Akasema sasa wajaribu: waandikie hadithi, uikate kabla ya mwisho, uwaulize wanafikiri ni nani. Wakibaki wanauliza, umefanikiwa. Huo ulikuwa muhula mubaya wa kunipa kazi kama hiyo, lakini yeye hakujua kwamba Ramazani amepotea.

Nikaandika barua ya kurasa nne. Kurasa mbili zilikuwa salamu na maelezo, na mbili zilikuwa maswali yangu ya utafiti. Sasa hivi nikiyakumbuka najishika kichwa. Vijana wa avenue yetu ni wangapi? Wanakusanyika wapi, na saa ngapi? Nani anawaongoza, maana yake nani anachagua kanda ya kutazama? Watu wanaogopa nini zaidi siku hizi? Niliyaandika vizuri, kwa namba, moja chini ya nyingine, na karatasi ya tano, peke yake, njo ilikuwa na hadithi. Kwenye hiyo ya tano sikuandika salamu wala jina langu, kwa sababu maelezo yote yalikuwa kwenye zile nne.

Hadithi mulisikia. Ramazani anashuka kutoka Pepa na ng'ombe kumi na mbili. Watu watatu wanamufuata tangu mulimani. Anafika Moba, anatafuta boti, anajificha nyuma ya magunia ya vile visamaki vya ndagala. Wale watatu wanapita karibu, hawaoni kitu. Kisha mumoja wao anakohoa, na Ramazani anakijua kile kikohozi, amekisikia nyumbani kwao tangu utoto. Hapo nikakata.

Utaniuliza kwa nini nilitumia jina lake. Nilijaribu kumuita Juma, nilijaribu Kabwe, hakuna aliyetembea. Nilipoandika Ramazani akaanza kutembea mwenyewe, na lile koti lake ametupia bega moja, anapigia ng'ombe muluzi. Nikasema nitabadilisha jina baadaye. Na ni kweli pia nilikuwa na hamu tu ya kuliandika. Misimu miwili ya mvua imepita tangu apande Pepa kununua ng'ombe na vita ikafunga barabara nyuma yake, na huku hakuna muntu wa kuniuliza, Salima, kaka yako je. Nilipoandika jina lake nilikaa naye jioni nzima.

Barua niliituma Kigoma, akaichukua Mama Furaha, yule mama Mubembe anayeleta samaki Kigoma na kurudi na vitenge. Mwezi uliopita alikuja mupaka huku Dar es Salaam kutafuta bidhaa, akanipitia, na njo alinieleza yaliyotokea. Pale bandarini kwetu askari walimupekua, wakaipata bahasha. Mumoja akasoma maswali yangu, akaita mwenzake, mwenzake akamuita mukubwa wao.

"Huyu mutoto anahesabu vijana ya nini? Wanakusanyika wapi, saa ngapi, nani anawaongoza. Nani alikutuma?"

"Mimi nabeba samaki, sijui kusoma," Mama Furaha akamujibu. "Unaniuliza mambo ya karatasi, uliza karatasi."

Walimukalisha juani tangu asubuhi mupaka alasiri. Kwa ajili yangu, Mama, kwa sababu ya fomu ya shule. Zile kurasa nne walizibakiza. Lakini ile ya tano mukubwa wao aliisoma amesimama, akaisoma tena, akacheka, akasema, hii ni hadithi tu, murudishieni. Mama Furaha alipokuwa anafunga muzigo wake akamuita tena.

"Na mwisho wake? Njo nani alikohoa?"

Mama Furaha akaapa kwamba yeye hana kikohozi, hajawahi kuwa nacho, ukoo wao wote hawana. Akakimbia. Alipofika kwetu alikupa karatasi mulangoni, akasema ni ya mutoto wako, akarudi kwenye boti. Hukuweza kumuuliza, naye hakujua amebeba nini. Alinieleza haya akiwa anacheka, na mimi nilicheka naye, kwa sababu barua ya Yaya Aziza ilikuwa haijafika. Nilidhani mumepata tu hadithi bila maelezo, mumeshangaa kidogo, basi.

Kisha barua ya Yaya Aziza ikafika. Alikuwa Kabimba kwa mume wake siku ile mulisoma, aliporudi kukusalimia njo akakuta mambo yamekuwa makubwa. Mustari wake wa kwanza ulisema hivi: Salima, Yaya Ramazani ameonekana Moba.

Mama, nitakuambia nilichofanya. Nilipiga kelele. Nilimukumbatia mama mwenye nyumba, yule aliyeninyima jibu la salamu, nikamunyanyua na ni mwanamuke munene, sijui nguvu nilipata wapi. Nilimuambia kaka yangu yuko hai. Akanipikia chai ya maziwa, akatuma wapangaji waje kunipongeza, watu ambao hatujawahi kuongea. Nilikunywa chai yote, nikapeana mikono na kila muntu, njo nikakaa kumalizia kusoma. Nikaona wale watu watatu. Nikaona magunia ya ndagala. Nikaona kikohozi. Ni maneno yangu, yalivuka ziwa, yakakaa kwenu wiki kadhaa, yakanirudia, na mimi niliyeyaandika nikayaamini kabla yenu. Wapangaji walikuwa bado wamekaa. Nililia mbele yao na sikuweza kuwaeleza ni kwa nini, walidhani ni furaha.

Kwa hiyo usione haya kwamba uliamini, Mama. Tuliamini wote wawili.

Papa Kasongo, sasa ni wewe. Yaya Aziza ameniandikia kwamba ulisoma kama unavyosoma kila siku, kila muntu na sauti yake, na ulipofika kwenye kikohozi ukakohoa. Wote wakageuka kukutazama. Anasema hata kuku walinyamaza, hapo najua ameongeza chumvi. Lakini tangu siku hiyo hakuna anayekuita kusoma barua, Mama hakuletei tena sombe yake ya majani ya muhogo siku ya Ijumaa, na wewe ukipita mbele ya nyumba yetu unameza kikohozi chako mupaka macho yanatoa machozi. Nilisoma hapo nikataka ardhi inifiche. Kile kikohozi ni cha moshi wa reli, kila mutoto wa avenue anakijua. Mama, nilikiweka kwenye hadithi kwa sababu nilitaka sauti moja ya nyumbani, nikachagua ile niliyoikosa zaidi. Sikufikiri kwamba ni ya muntu. Papa Kasongo hajamufuata Ramazani popote. Papa, nakuomba radhi mbele ya wote wanaokusikiliza sasa, na ningekuwa hapo ningekushika miguu. Kohoa, pumzika, halafu uendelee.

Mama, kuna jambo ninalotaka ulisikie vizuri kuliko yote. Yaya Aziza anasema kila boti la Moba likifika uko pale gati na sahani imefunikwa, na kwamba sasa umefunga muzigo unataka kupanda mwenyewe kwenda kumutafuta. Ameuficha ule muzigo mara mbili na mara mbili umeufunga upya. Usiende. Nakuomba kwa jina la Baba. Njia ile haina usalama, wanaotoka huko wanaofika Kigoma tunawasikia wanavyosimulia, na wewe goti lako halipandi hata ngazi ya boti. Ukipotea kwa sababu ya karatasi yangu ya shule, mimi nitaishi vipi? Nimekwisha kukosa mumoja. Siwezi kukaa huku nikiandika kwa muntu asiyekuwepo.

Nilimupelekea Mwalimu habari hii, kwa sababu muda wa fomu ulikuwa unaisha na sikuwa na jibu. Alinisikiliza mupaka mwisho, akavua miwani, akasema pole sana, na alimaanisha. Kisha ualimu ukamushinda.

"Lakini unaona, Salima? Hadithi inashika. Wamebaki wanauliza. Hao ndio walengwa wako."

Nilikasirika, Mama. Sijawahi kumujibu muntu mukubwa hivyo.

"Hapana, Mwalimu. Anayetazama filamu ya kutisha anajua kwamba taa zitawashwa, atainuka, atarudi nyumbani. Mama yangu yuko nyumbani tayari. Yeye atarudi wapi?"

Alinipa kalamu yake. Nikamufikiria yule mukubwa wa askari bandarini. Kati ya wote walioisoma ile karatasi, ni yeye peke yake aliyeiona ni hadithi, akacheka, akauliza mwisho wake kama muntu anayeuliza matokeo ya mupira. Iliniuma sana kugundua kwamba yeye njo aliitazama filamu yangu sawasawa. Nikaandika kwenye fomu: filamu hii ni ya watu ambao wote wa nyumba yao wamekwisha kurudi. Mwalimu akasoma, akaweka sahihi bila wino mwekundu. Nimepata kamera, siku tatu, mwezi ujao. Munuzi wa ng'ombe sasa anaitwa Juma. Anatembea vibaya, lakini anatembea.

Kwa hiyo siyo ya ninyi, Mama, na hilo linaniumiza kuliko kicheko cha Kariakoo. Filamu ya ninyi naijua ingekuwa vipi. Mulango ungefunguliwa dakika ya kwanza kabisa, Ramazani angeingia, asiulizwe kitu. Dakika kumi na nne zilizobaki angekula. Ungekuwa unamuongezea sombe, yeye anakataa, wewe unamuongezea. Mwalimu angesema hakuna kinachotokea hapo. Mimi ningeitazama kila siku.

Huku maisha yanaenda. Asubuhi nafua nguo za mama mwenye nyumba, njo namna tulivyopatana juu ya chumba, muchana niko chuoni. Bahari yao ni kubwa lakini haina ng'ambo, unatazama, unatazama, hakuna mulima hata mumoja wa kukuambia hapo njo mwisho. Nilizoea ziwa ambalo asubuhi safi unaona watu wengine wana nchi yao upande ule. Sasa mimi niko upande ule, na siwezi kuwaona.

Nisalimie Yaya Aziza na umuambie asante kwa kuficha muzigo, aufiche tena. Nisalimie mume wake, fundi wa tanuru la simenti, na vumbi lake jeupe. Nisalimie Mama mudogo anayesomesha watoto Kurani barazani, aniombee mutihani. Nisalimie muke wa Papa Kasongo, ambaye najua alikuwa wa kwanza kusema kwamba mume wake hana hatia na hakuna aliyemusikiliza. Mama Furaha akipita tena mumupe samaki wa kukaanga, ingawa yeye njo muuza samaki, na asiulizwe maswali.

Hapa nilikuwa nimeweka nukta na kukunja karatasi. Nikasema nisome mara moja tena barua ya Yaya Aziza, nione kama kuna salamu sijaijibu. Ukurasa wake wa pili sikuwa nimeusoma vizuri, siku ile nilikuwa nimelia juu yake na wino ulitawanyika. Nimeusoma sasa, polepole.

Papa Kasongo, simama kwanza. Kama mume wa Yaya Aziza yuko hapo uani, atoke. Atembee mupaka barabarani, asisikie kinachofuata. Shemeji, usichukie, utaelezwa. Akiwa ametoka, endelea.

Mama, Yaya Aziza anaandika kwamba kuna muntu wa kinga, yule anayesukuma baiskeli na magunia ya muhogo, aliyetoka Moba baada ya ile karatasi kusomwa. Naye anasema alimuona munuzi wa ng'ombe. Mwanzo niliruka hapo, kwa sababu najua sasa kila anayefika kutoka huko lazima awe amemuona Ramazani, munamuuliza kabla hajashusha muzigo. Lakini anasema ng'ombe walikuwa tisa. Mimi niliandika kumi na mbili. Anasema askari walimusimamisha yule munuzi njiani, wakamuamuru awahesabu kwa sauti, na yeye akaanza hivi: Bismillahi, mbili, tatu, nne.

Mimi sikuandika hivyo. Kwenye karatasi yangu hakuna anayehesabu. Hiyo ni hesabu ya Babu, alipokuwa akipima muchele dukani. Kibaba cha kwanza hakukiita moja, alikiita Bismillahi, na Ramazani peke yake njo aliichukua kwake, hata mupira alikuwa akihesabu magoli hivyo tukamucheka. Yaya Aziza anasema wewe umeshika hapo, unasema hiyo njo alama. Nami nimeusoma mustari huo tena na tena.

Lakini ngoja, Mama. Nimekuumiza mara moja, siwezi kukuumiza tena. Wazee wa avenue walinunua muchele kwa Babu, wanajua. Nataka kujua nani alilitaja neno hilo kwanza. Ni yule muntu wa kinga alilisema mwenyewe? Ama ni ninyi mulimuuliza, alihesabu kwa Bismillahi, naye akaitika kwa sababu alimuona mama analia na akakuonea huruma?

Atumwe shemeji. Yeye ni wa Kabimba, ameoa kwetu Babu amekwisha kufa, hajui duka wala muchele. Njo maana nimemutoa nje. Amutafute yule muntu anapouza muhogo, asimutajie Ramazani, asimutajie Salima wala karatasi. Amuulize tu, yule munuzi aliwahesabu vipi ng'ombe wake? Kisha anyamaze mupaka ajibiwe.

Akisema alianza na moja, basi, Mama, fungua ule muzigo, rudi kwenye mashine yako, na mimi nitamalizia filamu yangu huku nikilia. Akisema lile neno lingine, usipande boti. Ningoje. Kamera wamupe mwingine, nitachukua treni ya Kigoma na tutaenda Moba wawili.

Mimi mutoto wako wa mwisho, ninayekungoja unijibu,

Salima